Mtoto Hahamishwi Usiku

Zamu ya kuandika somo la mwezi imetufikia sisi kapita wa wanafunzi, wa mwaka wa sita. Wengi walifikiri tutaandika tena juu ya kuchelewa asubuhi na juu ya kusafisha choo. Hayo tumekwisha kuyasema mstarini, na tutayasema tena. Mara hii tunaandika juu ya benchi tupu.

Kila mwaka, katikati ya trimestri, kuna benchi moja inabaki tupu. Mwalimu anaita jina mara tatu. Kisha mwenzetu mmoja anajibu: "Alikwenda Kinshasa na papa yake," ao, "Mama yake alimupeleka Bunia." Mwalimu anavuta mstari juu ya jina, na somo linaendelea. Lakini nyuma ya mstari ule mara nyingi kuna wazazi wawili walioachana. Mmoja amesafiri na watoto, mwingine amebaki, hajui afanye nini. Watu wanamwonyesha njia mbili tu: kunyamaza, ao kunyang'anya. Somo letu ni kuonyesha kama njia ziko zaidi ya mbili.

1. HABARI YA NYUMBA MOJA

Hatutaficha: nyumba hiyo ni yetu. Tuliomba ruhusa ya mama kabla ya kuandika, naye alisema tuandike, ila tusiseme vibaya juu ya papa. Tutajaribu.

Tuko watoto watatu. Wazazi wetu waliachana miaka minne iliyopita, pasipo tribinali, pasipo karatasi. Papa alichukua valizi yake akaenda kukaa upande wa Makiso. Sisi tulibaki Mangobo na mama, ambaye anauza mafuta ya mawese sokoni. Papa alileta minervali, mara yote, mara nusu, na Siku ya Mungu tulikula kwake. Mambo yalikwenda hivyo, hayakuwa mabaya sana.

Siku moja mwalimu anayefundisha mdogo wetu wa kiume alikutana na mama sokoni. Alimuuliza: "Mama, papa wa mtoto alikuja kuomba buletini na karatasi ya kuhama. Munahama lini?" Mama alikuwa ameshika kopo la mafuta, hakujibu. Yeye hakuwa anahama. Papa alikuwa amepata kazi Kinshasa, na alitaka kupanda baleniera pamoja na wadogo wetu wawili, wa miaka kumi na wa miaka sita, kabla ya mwisho wa mwezi. Sisi mkubwa hatukuwa katika hesabu, kwa sababu tulikuwa tumekaribia diploma.

Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kwa mto ni kilomita karibu 1,700. Chombo kinaweza kumaliza majuma njiani. Mtu asiye na bei ya ndege hawezi kwenda kuona mtoto wake Siku ya Posho na kurudi kazini siku ya kwanza ya juma. Ndiyo maana kuhama haiko jambo dogo la valizi na mikeka. Kuhama mbali kunaweza kumkata mzazi na mtoto wake pasipo mtu yeyote kutamka kama anawakata.

Usiku ule wajomba walikuja. Mjomba mkubwa akasema: "Dada, tusilale. Tubebe batoto sasa, tuvuke nao Lubunga, tuwapeleke mu kijiji. Bwana yako atatafuta mpaka atachoka." Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni, na tuseme ukweli: maneno ya mjomba yalitupendeza. Tulikuwa tayari kubeba mdogo wetu mgongoni. Mama ndiye alikataa. Alisema: "Kama minawaiba leo, yeye atawaiba kesho. Batoto watakuwa sawa mbuzi ya kuibiana."

Basi asubuhi alianza kutafuta njia ingine. Mambo tunayoandika chini tuliyajifunza tukitembea nyuma yake, na mengine tuliyasoma baadaye.

2. SHERIA INASEMA NINI

Kwetu wengine wanasema: mali ya ndoa ililipwa, basi watoto ni wa papa, anaweza kuwapeleka popote. Wengine wanasema: mali haikulipwa, watoto ni wa ukoo wa mama, papa anyamaze. Desturi hizo ni za wazee wetu, hatuzidharau. Zinaonyesha mtoto anatoka ukoo gani na nani atamlilia. Lakini swali la mtoto anaishi wapi na nani lina sheria ya nchi.

Ya kwanza ni Sheria ya Jamaa, ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Inasema kama mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 yuko chini ya mamlaka ya baba na mama pamoja. Shikeni neno hilo: pamoja. Mmoja akichukua valizi yake na kuhamia komini nyingine, neno "pamoja" halivunjiki. Wazazi wakivunja ndoa mbele ya tribinali, mwamuzi anachagua nani atakuwa na ulezi, na kipimo chake ni faida ya watoto. Yule asiyepewa ulezi hafutwi. Anabaki na haki ya kuangalia namna watoto wanavyotunzwa na kufundishwa, na anabaki na deni la kusaidia kadiri ya uwezo wake.

Ya pili ni Sheria ya Kulinda Mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009. Inasema kama katika kila uamuzi unaomhusu mtoto, faida ya mtoto inatangulia. Inasema tena kama mtoto mwenye kufahamu mambo ana haki ya kutoa mawazo yake juu ya jambo linalomhusu, na mawazo hayo yatazamwe kufuatana na umri na ukomavu wake.

Maneno hayo yana mzizi katika Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Umoja wa Mataifa uliupokea tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 1989. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliuthibitisha mwaka 1990. Mkataba unasema mtoto aliyetengwa na mzazi mmoja ao wote wawili ana haki ya kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa kama jambo hilo linamletea hatari. Angalieni vizuri: haki hii imeandikwa kuwa ya mtoto. Mzazi anayesema "nina haki ya kumwona mtoto wangu" hakosi, lakini ile ya mtoto njo inatangulia.

3. NJIA ZILIZO WAZI

(a) Kuuliza kabla ya kupiga kelele. Anahama kwenda wapi? Siku gani? Kwa mwaka mmoja ao moja kwa moja? Watoto watasoma shule gani? Nani atabaki nao papa ao mama akiwa kazini? Si kila kuhama ni wizi. Mapigano ya Mbole na Lengola yalipoanza upande wa Lubunga, watu wengi walikimbia na watoto, kila mmoja fasi aliyoiona. Mzazi anayeondoa mtoto mbele ya panga hahitaji kungoja barua ya mwenzake. Ni hivyo hivyo kwa mama ao papa anayekimbia mtu anayempiga yeye ao watoto: usalama kwanza, halafu aende mara moja kwa polisi na kwa mwamuzi, ili asionekane kama anaficha watoto.

(b) Kukusanya karatasi. Hapa wengi wanaanguka. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama kiko, risiti za minervali, buletini, kadi ya hospitali. Karatasi hizi zinaonyesha nani ni mzazi na nani anamtunza mtoto kila siku. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa ili mtoto aandikishwe kwa leta. Ambaye mtoto wake alizaliwa pasipo ndoa, na hajamtambua mbele ya leta, ashughulikie jambo hilo kwanza. Ni vigumu kuzuia safari ya mtoto ambaye karatasi hazisemi kama ni wako.

(c) Kikao cha jamaa. Pande mbili zikae, pamoja na mzee ambaye wote wanamheshimu, mchungaji ao shefu wa kartie. Wakipatana, waandike. Si "tumepatana vizuri" tu. Waandike: watoto wataondoka lini (si katikati ya trimestri), watarudi likizo gani, nani analipa tiketi, siku gani ya simu, nani analipa shule, na nini itafanyika kama mmoja hakutimiza. Watie sahihi, na mashahidi watie pia. Karatasi hiyo haiko hukumu, lakini siku ya hukumu inaonyesha nani aliahidi nini.

(d) Tribinali. Kama kikao kimeshindwa, mzazi anakwenda tribinali ya amani. Kule ndiko kesi ya kuvunja ndoa inafunguliwa, na mwamuzi anaanza kwa kuwaita wote wawili ajaribu kuwapatanisha. Kesi ikiwa bado inaendelea, anaweza kuombwa atoe hatua za muda, ni kusema aamue watoto watakaa wapi mpaka mwisho wa kesi. Kama hukumu ilitoka zamani na mambo yamebadilika, mzazi anaweza kurudi kuomba ulezi utazamwe upya. Kuna pia tribinali ya watoto, iliyoletwa na sheria ya 2009, kwa mambo kama utambulisho na uzazi wa mtoto. Asiyejua mlango ni upi aulize biro ya karani, asiulize watu waliokaa nje chini ya mti.

Wengi wanasema: "Tribinali ni ya watu wenye falanga." Ni kweli kuna gharama. Lakini tangu sheria ya mwaka 1979 juu ya maavoka, baro inapaswa kuwa na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Mtu anaomba pia karatasi ya umaskini, nayo inamsaidia kupunguziwa gharama. Mama yetu hakujua hilo mpaka mtu mmoja wa kanisa alipomwambia.

(e) Mpaka wa nchi. Kama safari ni ya kuvuka nchi, kuna ukuta mwingine. Watu wa DGM wanaomba ruhusa ya wazazi mbele mtoto mdogo atoke. Mzazi mwenye hofu aende kwao mapema na karatasi zake. Kwamba mlango huo unaweza kufungwa, tuliona mwaka 2013, wakati DGM iliposimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliochukuliwa na wazazi wa kigeni. Uko mkataba wa La Haye wa mwaka 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliovushwa pasipo haki, lakini nchi yetu haiko kati ya zile zilizouingia. Ndiyo maana kuzuia mbele ya safari ni rahisi kuliko kutafuta nyuma. Uingereza, sheria yao ya mwaka 1989 inamruhusu mzazi aliyepewa na tribinali kukaa na mtoto kwenda naye nje kwa muda usiofika mwezi. Zaidi ya hapo anahitaji mwenzake akubali kwa maandiko ao mwamuzi aruhusu. Kwetu hatari kubwa iko ndani ya nchi, kwa sababu penye baleniera si kila mara mtu anauliza: mtoto huyu, mama yake anajua?

(f) Njia za kukataa. Kunyang'anya watoto. Kuwaficha. Kukata minervali ili kumwadhibu mwenzako. Anayefukuzwa shuleni haiko mwenzako. Kumnyima papa kuona watoto kwa sababu hajaleta pesa. Pesa ni deni moja na kuonana ni jambo lingine. Na kumfundisha mtoto la kusema. Hii ya mwisho tutaungama chini.

4. NAMNA ILIVYOKWISHA KWETU

Kikao cha kwanza kilivunjika kwa makelele. Cha pili kilikuwa na mchungaji, na papa alikubali kungoja. Lakini mama alitaka neno lenye nguvu, akaenda tribinali. Mtu wa huduma za jamii alikuja nyumbani, akatazama tunalala wapi, tunakula nini, tunasoma saa ngapi. Kisha wazazi waliitwa, na mdogo wetu wa miaka kumi aliitwa pia ili asikilizwe.

Tuungame sasa. Usiku wa kuamkia siku ile tulimketisha mdogo wetu kitandani na tukamfundisha: "Utasema: mimi nataka kubaki na mama. Rudia." Alirudia mara tano. Tulimpa biskuti. Tulifikiri tunamsaidia mama.

Alipoulizwa, alinyamaza muda mrefu. Halafu alisema anataka kwenda na papa. Aliulizwa sababu. Akajibu: "Juu kule papa atakuwa peke yake. Hapa mama iko na bale wawili."

Mama hakulia pale. Alilia nyumbani. Sisi tulikasirika na mdogo wetu siku tatu, hatukumwongelesha, mpaka mama alipotuita na kusema: "Mulimufundisha uwongo, yeye alisema kweli. Nani kati yenu ni mkubwa?"

Iliamuliwa hivi: dada yetu mdogo anabaki na mama. Kaka anakwenda na papa, lakini baada ya mwaka wa shule kwisha, si mbele. Likizo kubwa anarudi Kisangani, papa analipa njia. Simu ni kila Siku ya Mungu jioni. Papa anatimiza, ijapokuwa mara zingine simu hailii na mama anakaa ameishika mpaka usiku. Likizo iliyopita mdogo wetu alifika amerefuka, anasema Lingala ya Kinshasa, na anatucheka sisi na toleka zetu. Alipanda moja mbio mbio mpaka sokoni kumwona mama.

Hatusemi kama imekuwa vizuri kabisa. Mama bado anapika kadiri ya watu wanne, halafu anakumbuka. Lakini mtoto wake anajua alitoka wapi, aliondoka mchana, mbele ya watu wote, na buletini yake mkononi, na njia ya kurudi iko wazi. Kama tungemvusha usiku ule kwenda Lubunga, leo pengine papa angekuwa amemvusha usiku mwingine kwenda mbali zaidi, na sisi tusingejua hata shule anayosoma.

Sulemani alimtambua mama wa kweli kwa yule asiyekubali mtoto akatwe vipande viwili. Wengine wanafikiri maana yake ni kwamba mzazi mwema anaachilia kila kitu. Sisi hatuoni hivyo. Yule mama alisimama mbele ya mfalme na kusema. Hakwenda nyumbani kunyamaza.

5. MANENO MAWILI YA MWISHO

Kwa wanafunzi wenzetu: mukisikia nyumbani habari ya kuhama, musichukue matusi ya mmoja kumpelekea mwingine. Semeni kweli mukiulizwa, hata kama kweli hiyo inamuumiza mtu munayempenda. Mwambieni mwalimu wa darasa mapema. Na benchi ya mwenzenu ikibaki tupu, musicheke.

Kwa walimu na wakubwa wa shule, tunaomba kwa heshima: mzazi akija kuchukua buletini na karatasi ya kuhama katikati ya mwaka, mumuulize neno moja tu: "Mwenzako anajua?" Swali hilo halizuii mtu mwenye haki. Kwetu, mwalimu mmoja aliuliza sokoni kwa bahati tu, na bahati ile ilituokoa. Tungependa isiwe bahati.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Neno "pamoja" katika Sheria ya Jamaa lina maana gani kama wazazi hawaishi tena nyumba moja?
2. Papa hajaleta minervali trimestri mbili. Mama anaweza kumkatalia kuona watoto? Elezeni.
3. Andikeni mapatano ya mistari kumi kati ya wazazi wawili, mmoja akihamia Kinshasa. Musisahau likizo, tiketi na simu.
4. Kwa nini kumfundisha mtoto la kusema mbele ya mwamuzi ni kumkosea, hata kama unampenda?

Majibu muyalete kwa kapita wa darasa kabla ya Siku ya Posho. Swali la nne, hata sisi tutaliandikia jibu.

Sisi kapita wenu, mwaka wa sita.